Kujiunga na Wafransisko ukiwa na deni la bodaboda

Ndugu yangu wa Kasese, umeeleza kwamba una miaka 24 na unatamani utawa wa Kifransisko, lakini bado unalipa mkopo wa bodaboda na mama yako anakutegemea. Deni hilo usilifiche hata kidogo, kwa kuwa sheria ya Kanisa inawakataza wakuu wa shirika kumpokea mwenye madeni asiyeweza kuyalipa; uza pikipiki au maliza marejesho kwanza.

Kuhusu mama, kaa na wadogo zako mkubaliane ni nani atakayemtunza, kwa sababu mtawa akipata chochote kwa kazi yake, ni mali ya jumuiya.

Mimi niliishi na Wafransisko miezi kadhaa kabla sijatambua kwamba wito wangu ni ndoa. Kilichonielemea hakikuwa sala ya alfajiri, bali kumenya matoke kila jioni na mwenzangu ambaye hatukuelewana, kisha kumwomba radhi kabla ya kuketi mezani. Kwa hiyo omba ukakae nao siku chache, ufanye kazi zao. Unovisi, yaani kipindi cha malezi kabla ya nadhiri za kwanza, hauwi chini ya miezi 12, na nadhiri za muda huchukua angalau miaka 3 kabla ya zile za daima. Wala si lazima uwe padre. Mabruda, yaani watawa wa kiume wasio mapadre, ni watawa kamili.

Ila kama kinachokusukuma ni huzuni ya kuachwa na mchumba, uliyoigusia mwishoni, mwone kwanza paroko na, ikibidi, mshauri wa saikolojia, kabla hujaandika barua ya maombi.