Usigandishe samaki hata mmoja kabla hujaokota chaza

Mdogo wangu wa Lindi, nimesoma swali lako jana usiku na usingizi ukakata. Unasema umepata nafasi ya mafunzo kwenye maabara ya ughaibuni inayochunguza nani anamla nani katika bahari za barafu. Kabla ya safari unataka kujizoeza kwa samaki wa kwetu: utawanunua dikoni kwa wavuvi, utawaloweka kwenye fomalini, na thamani za kianzio, yaani namba ya kiumbe wa chini kabisa unayoanzia kuhesabu, utazitoa kwenye makala ya watu waliofanya kazi Zanzibar. Halafu unauliza njia ipi ni bora kati ya kupasua matumbo, isotopi (kupima nitrojeni na kaboni nzito na nyepesi kwenye nyama), asidi za mafuta na DNA, ufadhili uombwe vipi, na nguo gani ubebe.

Hicho kianzio cha Zanzibar ndicho kilichoniamsha. Kifute leo. Mimi nilifanya hivyo hivyo nikapoteza miaka miwili.

Kwanza uelewe kinachohesabiwa. Nyama ya mnyama hubeba nitrojeni nzito, ile ya namba 15, zaidi ya chakula alichokula. Kwa kila ngazi ya ulaji inaongezeka takribani 3.4 kwa elfu. Kwa hiyo unachukua namba ya nitrojeni hiyo kwa samaki wako, unatoa namba ya aliye chini kabisa, unagawa kwa 3.4, kisha unajumlisha ngazi ya huyo wa chini. Akiwa chaza anayechuja mimea midogo ya majini, ngazi yake ni 2. Ni hesabu ya shule ya msingi, na balaa lote limejificha kwenye huyo "aliye chini".

Nilikusanya msimu mmoja wa kusi, Mikindani na Msimbati. Nilikuwa na changu, tasi, chewa, kolekole, na pweza niliowapata kwa akina mama wanaochokoa miambani maji yakitoka. Nilikata nyama, nikagandisha, nikakausha kwa nyuzi 60, nikasaga, nikapima miligramu moja moja kwenye vikopo vya bati ambavyo ukipiga chafya vinapotea mezani. Kazi ya mikono ilikuwa safi, hilo nalisema bila haya. Kila kikopo kililipiwa kwenda kupimwa nje ya nchi, na fedha ya mradi ikaishia hapo.

Sasa huyu mkubwa wa mradi. Nilimuuliza kwa mdomo wangu, tukiwa ndani ya boti: mzee, tusiokote chaza na kuchuja maji hapa hapa? Akanijibu nisimalizie mafuta kwenye makombe, kianzio kipo kwenye makala, bahari ni moja. Bahari ni moja! Mtu amezunguka dunia na shahada zake, anamwambia kijana aliyekulia Mikindani kwamba maji ya mlangoni kwao na maji ya Msimbati ni yale yale. Nilinyamaza kwa sababu alikuwa mkubwa. Mpaka leo kile kimya kinaniuma kuliko kauli yake.

Namba ziliporudi, changu wa Mikindani walikuwa juu ya kolekole wa Msimbati kwa karibu ngazi nzima. Changu, samaki anayeokota kaa na konokono mchangani, awe juu ya kolekole anayefukuza samaki wenzake! Nilimsimulia mzee mmoja mvuvi akacheka hadi akakaa chini, akauliza kama changu wangu wameota meno ya papa. Kule ofisini hakuna aliyecheka. Mkubwa akaniambia niandike kwamba changu wamebadili mlo, nami nikaandika sura nzima. Wasomaji waliopewa kuikagua wakaikataa, na walikuwa na haki.

Nilirudi baadaye kwa fedha yangu, nikaokota chaza pande zote mbili. Wale wa Mikindani, karibu na nyumba za watu, walikuwa na nitrojeni nzito kuliko wa Msimbati, na tofauti ilitosha kueleza maajabu yote ya changu. Sababu inajulikana: maji taka yakikaa na kuozeshwa na bakteria, nitrojeni nyepesi hutangulia kupotea hewani, inayobaki ni nzito. Mwani unaila, chaza anaichuja, kaa anaipokea, changu anamla kaa. Hajapanda ngazi yoyote, ni bahari ya chini yake iliyoinuka. Tuseme changu ana 13. Ukitumia kianzio cha 6 yuko ngazi ya 4.1. Ukitumia kianzio chake halisi, tuseme 9, yuko 3.2. Samaki mmoja, namba moja, na ngazi karibu nzima imetengenezwa na uvivu wa kuinama kuokota chaza.

Na chaza wale hawakuniokoa. Walikuwa wa mwaka mwingine, wa kaskazi, samaki wangu ni wa kusi. Nisingeweza kurudi kuyachota maji ya mwaka juzi.

Usidhani huko kwenye barafu mambo ni mepesi. Kule vianzio ni viwili vinavyoelea pamoja: mwani wa maji ya wazi, na mwani unaoishi ndani ya barafu yenyewe, kwenye vijifereji vya maji ya chumvi. Mwani uliofungiwa ndani ya barafu hupungukiwa na hewa ya ukaa, unaacha kuchagua kaboni nyepesi, unameza hata kaboni nzito ya namba 13. Krili wachanga wa Antaktika, viumbe wadogo kama uduvi, hula mwani huo chini ya barafu wakati wa baridi. Ukimpima krili bila kutoboa barafu na kuchukua ile sehemu ya chini yenye rangi ya kahawia, utasema nini kuhusu mlo wake? Utabuni, kama nilivyobuni mimi. Watafiti Hobson na Welch, waliochapisha mwaka 1992 kuhusu Aktiki ya Kanada, walianza na chembe zinazoelea majini, kwenye nitrojeni nzito ya kama 5, wakapanda hadi dubu wa barafu kwenye kama 21. Ongezeko la kila ngazi walilipata kuwa 3.8, na kianzio chao kilitoka bahari ile ile. Meli ya Ujerumani, Polarstern, iliachwa ishikwe na barafu ya Aktiki kuanzia 2019 hadi 2020, karibu mwaka mzima, na moja ya kazi zake ilikuwa kufuatilia uhai wa chini ya barafu majira yote. Wewe utapita hapo mara moja. Usipochota siku hiyo, umekosa.

Najua atatokea mtu hapa aseme siku hizi kuna kupima asidi amino, vijenzi vya protini, kimoja kimoja: kimojawapo, fenilalanini, hupanda ngazi karibu bila kubadilika, kwa hiyo samaki mwenyewe anakuonyesha kianzio chake. Ni kweli na ni njia nzuri. Ni ghali pia, na hesabu zake zina dhana zake. Ukiweza ifanye, na chaza umwokote vilevile.

Fomalini acha kabisa, inaichezea kaboni na kuiharibu DNA. Gandisha. Wanyama wa huko wana mafuta mengi, na mafuta yana kaboni nyepesi, kwa hiyo uliza mapema kama maabara yako huyaondoa kabla ya kupima. Tumbo linaonyesha mlo wa leo tu, na vitu laini vimeshayeyuka. DNA inakutajia majina, kiasi inakisia. Zote zina kazi yake, lakini hakuna kati ya hizo itakayokwambia bahari yako imeanzia wapi.

Bamvua lijalo, maji yakitoka, nenda Lindi hapo hapo ambapo wavuvi wako wanatega. Waulize kwanza, maana samaki wa dikoni anaweza kuwa amevuliwa mbali usikokujua. Okota chaza kumi upande wa mjini na kumi upande wa mbali, jani la mkoko, nyasi bahari, na chuja lita kadhaa za maji. Andika saa, mahali, na upepo. Samaki wanunue wiki hiyo hiyo. Namba zikirudi ziweke hapa, hata ziwe za ajabu, tuzikokotoe pamoja kabla hujamwonyesha mkubwa yeyote.