Mwanangu, kuhusu zile sekunde sita

Marahaba mwanangu. Meseji yako niliiona jana usiku saa tano, nikaisoma mara mbili nikashindwa kujibu kwa simu maana ni jambo refu, nikaona bora nikae asubuhi hii nikuandikie vizuri. Unauliza kwanini watu wa hela ndo wanakuwa na neno la mwisho kwenye tangazo ambalo hawajakesha nalo, na unauliza ujitoe kwenye hiyo kazi au ukubali tu yaishe.

Nimeangalia video zote mbili ulizotuma, ile yako na ile waliyoirekebisha watu wa benki. Fundi anasimamisha cherehani, anahesabu noti, ya mwisho anaikunja anaiweka mfuko wa shati, sekunde sita hamna muziki wala sauti ya mtu. Kwenye ya kwao hapohapo imeingia sauti inataja riba ya mkopo na nembo ya benki imejaa kioo kizima. Nimeumia, sikufichi. Ile ya kwako ndo tangazo.

Ila ujue unamuuliza mtu aliyekuwa upande ule mwingine. Miaka yote ile uliyokuwa unaniona natoka na faili asubuhi narudi usiku, mimi ndo nilikuwa yule wa katikati kwenye ejensi, yaani kampuni ya kutengeneza matangazo, mteja akiongea nasikiliza mimi, wabunifu wakinuna wananinunia mimi. Na kuna kitu nilikifanya sijawahi kukusimulia.

Ilikuwa tangazo la redio la sabuni ya kufulia, sekunde 30. Skripti imetoka Nairobi kwa Kiingereza, wakubwa wameshaisaini, sisi Dar kazi yetu kuitafsiri na kurekodi. Sasa si unajua Kiswahili, sentensi ya maneno matano ya Kiingereza huku inakuwa ndefu mpaka basi, tulipoisoma mara ya kwanza ikatoka sekunde 37. Na mwisho wake kuna orodha ya miji saba yenye mawakala, Mwanza, Arusha, Mbeya, Tanga, inaendelea hivyo. Tulikuwa na mzee mmoja aliyekuwa akiigiza michezo ya redio tangu enzi za Radio Tanzania, sauti yake ukiisikia unaacha unachofanya. Akasoma ile tafsiri, ilikuwa inasema pata weupe wa ajabu unaolingana na thamani ya pesa yako, akavua miwani akaniuliza, mwanangu nani anaongea hivi nyumbani kwake? Akaomba ajaribu ya kwake. Akasema, "Shati la jana," akanyamaza kidogo, halafu, "leo tena." Basi. Fundi mitambo akageuka akaniangalia nyuma ya kile kioo, studio nzima ilijua hiyo ndo yenyewe.

Meneja wa mteja akasema hapana, ule ukimya utolewe, miji saba haiingii. Na stopwochi nilikuwa nimeishika mimi. Ningeweza kusema tupumzike dakika kumi tuongee, sikusema. Nikabonyeza nikamwambia mzee tuharakishe kidogo, akasoma mbio mpaka pumzi ikamkatikia kwenye mji wa sita, tukarudia mara nne. Alipomaliza akasaini vocha yake akaniambia taratibu pale mlangoni, "Pale niliponyamaza nilikuwa naanua." Nilichelewa kuelewa. Alikuwa analianua lile shati kwenye kamba, ndo maana alihitaji ule muda.

Sasa sikiliza hapa maana ndo ninapotaka ufike. Wiki mbili baadaye yule meneja, kijana tu, alikuwa bado kwenye miezi ya majaribio kazini, akaniambia kwanini aling'ang'ania ile miji. Mawakala saba walikuwa wamekubali kuchukua mzigo mkubwa kwa ahadi kwamba miji yao itatajwa redioni, na aliyetoa hiyo ahadi ni yeye. Angeacha mji mmoja angepigiwa simu mpaka na bosi wake. Ningemuuliza siku ile ile tungerekodi shati la jana kwa redio za nchi nzima, halafu kila mkoa ukapata kipande chake kifupi cha wakala wake kwenye redio ya hukohuko, na ingemgharimu kidogo tu zaidi. Hakuna aliyemuuliza. Mimi niliona ni mtu asiyejua kazi, yeye akatuona tunacheza na ajira yake.

Na usifikiri haya mambo ya sekunde yalianzia kwenu. Ejensi kwa miaka mingi, kuanzia huko Marekani mpaka huku, haikuwa inalipwa kwa wazo. Ililipwa kamisheni, asilimia 15 ya hela ya muda wa hewani, mteja akinunua muda wa milioni 100 ejensi inabaki na 15. Wazo lilikuwa linakuja kama nyongeza ya dukani. Siku hizi wengi wanalipwa ada au kwa kazi moja moja, ila mazoea yamebaki, mkubwa akiangalia sekunde sita za ukimya anaona hela imelipwa na bidhaa haijatajwa. Wewe unaona fundi anahesabu jasho lake. Mnaangalia kitu kilekile.

Alafu na huyo mkubwa ana mtu juu yake. Mwaka 1987 kampuni ya WPP, ambayo mwanzo wake ilikuwa inatengeneza vikapu vya waya vya madukani, iliinunua ejensi kubwa ya J. Walter Thompson, 1989 ikainunua na ejensi ya Ogilvy. David Ogilvy mwenyewe, aliyeianzisha, alikasirika sana, baadaye akakubali kuwa mwenyekiti wa hiyohiyo WPP. Bosi wa ejensi nyingi kubwa anajibu kwa wenye hisa, na mwenye hisa haangalii storibodi, ile michoro ya tangazo kabla halijashutiwa. Ila huyohuyo Ogilvy kabla ya matangazo alikuwa anauza majiko mlango kwa mlango kule Scotland, kwa hiyo hapo uliposema wabunifu na watu wa hela ni maji na mafuta sikubaliani na wewe.

Tulipelekwa semina Nairobi tukaonyeshwa lile tangazo la Apple la kompyuta ya Macintosh, aliloliongoza Ridley Scott, lililorushwa tarehe 22 Januari 1984 kwenye fainali ya mpira wa Kimarekani. Bodi ya Apple ilipoonyeshwa kabla haikulipenda kabisa, ejensi yao Chiat/Day ikaambiwa iuze muda wote ulionunuliwa, na kulikuwa na vipande viwili, cha sekunde 60 na cha sekunde 30. Ejensi ikauza kile cha 30. Kile cha 60 hakikuuzwa, kikabaki, tangazo likaruka, mpaka leo linafundishwa. Wenzangu kwenye semina walimshangilia Ridley Scott, mimi nilikuwa namuwaza yule aliyetakiwa kuuza zile sekunde 60 na hakuziuza. Alikuwa mtu wa upande wangu, wa mikataba na hela. Nilirudi hotelini nikalia, kwa ajili ya yule mzee.

Kwa hiyo swali lako nalijibu hivi. Neno la mwisho wanalo kwa sababu wao ndo wanalaumiwa hela ikipotea, na hilo hulibadilishi. Ila neno la mwisho linakuja mwishoni, na wewe umepeleka ukimya wako mwishoni, wameuona kwa mara ya kwanza kwenye editi wakiwa wamechoka na tarehe ya kuruka imefika. Je kwenye skripti uliuandika? Najua hukuandika, nimekuzaa. Siku nyingine iandikwe wazi, sekunde sita hakuna sauti, ijadiliwe kwenye kikao cha kabla ya kushuti na isainiwe na kila mtu, hapo mkubwa akitaka kuitoa anavunja alichosaini na atafikiria mara mbili. Na kabla ya kushuti omba kwa maandishi uruhusiwe kubaki na toleo lako la tangazo la kuonyesha kazi zako. Ukiomba baada ya ugomvi hupewi.

Kwa hii ya sasa usijitoe. Mpigie huyo meneja masoko wa benki, usimtumie meseji ndefu zile zako, mpigie, muulize ni nani aliyemwambia ile riba itajwe kwa sauti, na yeye kamuahidi nani. Inawezekana ni mkubwa mmoja tu anataka namba ionekane, na namba inaweza kukaa kwa maandishi chini ya kioo wakati fundi anahesabu, sauti ikaja baadaye akishaweka noti mfukoni. Itengeneze hivyo usiku huu, mpelekee hiyo moja tu, usimpelekee tatu akachanganya. Nembo wakitaka iwe kubwa wape, nembo kubwa haijawahi kuua tangazo zuri. Ukimya usiutoe kirahisi. Ila wakikwambia useme riba ambayo mkopaji hataikuta kwenye karatasi pale dirishani, hapo funga laptopu urudi nyumbani na kodi ya mwezi huu nitakusaidia, nasema kweli.

Baba yako anakusalimia. Ameangalia ile ya kwako mara mbili kwenye simu yangu, na fundi alipoanza kuhesabu noti na yeye akawa anahesabu.

Mama yako