Kabla hujaifungia VFD mashine ya kukereza ya zamani

Wadogo zangu, nimechoka kuona jambo lilelile. Kijana anapata mashine ya Kiingereza ya miaka ya 1950, chuma kizito, kitanda bado kimenyooka, halafu kitu cha kwanza ni kung'oa belti, puli za ngazi na gia za nyuma (zile za kupunguza mwendo, si za rivasi), eti VFD, kile kifaa cha kielektroniki kinachobadili mwendo wa mota kwa kubadili masafa ya umeme (Hz), itafanya yote. Chaki (kile kishikio chenye taya kinachobana kazi) inazunguka, anapiga video, anatuma kwenye group. Wiki haijaisha ananipigia: "Fundi, mbona inakwama nikikata milimita moja tu?"

1. Gia za nyuma zibaki. Ukishusha mota ya kW 1.5 kutoka Hz 50 hadi Hz 10, toki, yaani nguvu ya kuzungusha, haiongezeki hata chembe, na nguvu unayobaki nayo ni kama kW 0.3. Kinachozidisha toki ni gia. Siku utakayoletewa flanji pana ya chuma cha kutupa ndipo utazikumbuka, na wewe ulishazipeleka kwa wapima chuma chakavu. Tena ukikaa chini ya Hz 20 kwa muda mrefu, feni ya mota nayo inazunguka kivivu na mota inachemka.

2. Soma kibati cha mota kabla ya kutoa hela. VFD ya kuingiza fezi moja ya volti 230 inatoa fezi tatu za volti 230 hizohizo. Mota iwe ya volti 230/400, na uifunge delta: vile vibati vitatu vya shaba ndani ya boksi la nyaya za mota visimame, visilale. Ukiiacha sta, yaani vibati vimelala, toki inabaki theluthi. Jirani yangu mmoja alirudisha VFD dukani mara mbili na kumwita muuzaji tapeli, kumbe vibati vimelala. Mpaka leo akihitaji kitu pale anamtuma mtoto.

3. Kusimama. Hapa naomba tutulie. Kila mtu ananiuliza mashine itakimbia vipi, hakuna anayeuliza itasimama vipi. Chaki za mashine nyingi za umri huo hufungwa kwa thredi kwenye spindo, ule mhimili unaoizungusha, na ukataji wenyewe ndio unaozidi kuikaza. Mota ya zamani ukiizima, vyote vinapungua mwendo pamoja, taratibu. VFD inaweza kuishika spindo ghafla, lakini chaki haina habari, inaendelea na safari yake.

Mimi niliipanga VFD muda wa kusimama sekunde moja. Sababu ilikuwa maringo tu: mteja alikuwa amesimama mlangoni na soda yake, nikataka aone mashine ya kisasa. Chaki ya taya tatu ya mm 200, zaidi ya kilo kumi, imebana kipande cha shafti. Nikabonyeza. Spindo ikasimama vizuri kabisa. Chaki ikajifungua, ikadondoka kitandani kwa kishindo, ikaruka, ikabingirika kuelekea mlangoni. Mteja aliikwepa. Soda haikuikwepa.

Unadhani nilisema nini? Nilimgeukia msaidizi wangu nikamfokea kwamba hakukaza chaki. Alikuwa ameikaza. Nilikuja kuelewa usiku, nikisoma kitabu cha VFD ambacho nilipaswa kukisoma kabla. Kitandani lilibaki bonde karibu na hedstoki, kichwa cha mashine kinachobeba spindo. Nililisugua kwa jiwe la mafuta mpaka nundu za pembeni zikaisha, lakini ukipitisha kidole unaliona. Radhi nilimwomba, ila siku hizi akichelewa kazini hunijibu, "Fundi, labda sikukaza chaki."

Kwa hiyo anza na sekunde nane, au iache izunguke mpaka ichoke yenyewe. Na usikate kwa rivasi. Kama spindo yako ina pini za kamu za kukaza kwa funguo, hili halikuhusu sana, ruka.

4. Umeme ukikatika na kurudi, mashine isijiwashe. Tumia vitufe viwili, cha kuwasha na cha kuzima, visivyobaki vimebonyea, na uhakikishe VFD imepangwa hivyo. Hapa kwetu umeme unakatika huku umeinama unapima kazi.

5. Usiweke swichi kati ya VFD na mota. Ile ya zamani ya kupinduapindua mnayoipenda, iungeni kwenye nyaya ndogo za kuamrisha. Ukikata waya wa mota ikiwa inavuta, unaweza kuua VFD hapohapo.

6. Boksi la VFD liwe mbali na chenga za chuma, na msilipulizie kompresa. Waya wa ethi (wa ardhini) ni lazima. Ukizima, subiri dakika kumi ndipo ufungue kifuniko, kapasita za ndani bado zimeshiba umeme.

7. Bushi za shaba zinazobeba spindo hazikutengenezwa kwa Hz 100. Gusa hedstoki kwa mkono. Mkono usipovumilia, punguza.

Na ile mota ya zamani ya fezi moja, usiipime kilo. Ikisukwa upya inaendesha jiwe la kunolea miaka mingi. Kama huna nafasi nayo, niletee mimi.