Vigezo vya malaria kali vinavyokuchanganya

Mdogo wangu, namba zinakuchanganya kwa sababu unakariri orodha isiyo na mgonjwa. Chora mtu, ushuke kutoka kichwani: fahamu (alama za kipimo cha fahamu cha Glasgow chini ya 11; kwa mtoto mdogo, kipimo cha Blantyre chini ya 3), degedege zaidi ya mara mbili ndani ya saa 24, sukari chini ya 2.2 mmol/L, kreatinini (kipimo cha kazi ya figo) juu ya 265 µmol/L. Mtego uko kwenye hemoglobini (kipimo cha upungufu wa damu): 5 g/dL au pungufu kwa walio chini ya miaka 12, lakini chini ya 7 kwa watu wazima. Atesuneti, dawa ya sindano ya malaria kali, ni 2.4 mg/kg saa 0, 12 na 24. Mtoto wa chini ya kilo 20 hupewa 3 mg/kg, na hapo ndipo alama za mtihani hupotea. Kesho funika daftari, uchore upya.