Samli, nyama kavu na asali kwa mtoto aliye Ulaya

SWALI: Ndugu Mhariri, kijana wangu anayesoma Ujerumani yuko likizo na anarudi mwezi ujao. Nimemwandalia samli ya ng'ombe wetu, nyama kavu kilo mbili na dumu la asali ya Manyoni la lita tano. Jirani anasema vyote vitatupwa uwanja wa ndege. Nyama nimeichemsha kwa chumvi kabla ya kuikausha, itamdhuru nani? – Mama, Kongwa.

JIBU: Mama yetu, jirani amesema kweli kuhusu samli na nyama, lakini kuhusu asali amekosea. Umoja wa Ulaya haumruhusu msafiri anayetoka Tanzania kuingia na nyama, maziwa wala kitu chochote kinachotokana navyo, hata kiwe kidogo cha kula mwenyewe. Kuchemsha na kukausha hakuondoi katazo hilo, kwa kuwa ofisa wa forodha hawezi kujua moto wako ulifika kiwango gani, na mfuko wako hauna hati ya daktari wa mifugo.

Asali inaruhusiwa hadi kilo 2 kwa msafiri mmoja. Kinachoangaliwa ni uzito: lita moja ya asali ina kilo 1.4 hivi, kwa hiyo dumu lako limezidi mno. Abebe chupa moja ya lita, ifungwe vizuri na iwekwe kwenye begi kubwa linalopakiwa chini ya ndege. Dagaa wakavu nao wanaruhusiwa, hadi kilo 20.

Umeuliza nyama hiyo itamdhuru nani, na ninaona swali hilo ni la haki, maana mtu hupikia mwanawe kwa upendo. Anayelindwa hapa hasa ni mnyama. Kirusi cha homa ya nguruwe ya Afrika hakimwathiri binadamu, lakini huweza kuishi miezi mingi ndani ya nyama iliyokaushwa au kutiwa chumvi, na makombo yakitupwa nguruwe wakayala, ugonjwa huanza upya mahali papya. Inaaminika kwamba ndivyo ulivyoingia Georgia mwaka 2007, kwa mabaki ya chakula cha melini, kisha ukasambaa Ulaya na kufika China mwaka 2018. Ugonjwa wa miguu na midomo nao uliifanya Uingereza ichinje mifugo zaidi ya milioni 6 mwaka 2001. Sisi wa Dodoma, tulioiona homa ya Bonde la Ufa ya mwaka 2007 ikiua watu na mifugo, tunajua mnada ukifungwa kaya nzima hukosa riziki.

Ikitokea amebeba kitu kilichokatazwa bila kujua, akitangaze mwenyewe kwa forodha kabla ya kupita. Kitachukuliwa na kuteketezwa, lakini anayeficha anaweza kutozwa faini. Samli aile nyumbani katika wiki hizi zilizobaki, nawe usimtumie baadaye kwa posta, kwa kuwa katazo linahusu vifurushi pia.