Wasomaji wauliza: Mfupa wa dinosaria au jiwe la volkano?

SWALI: Habari za kazi, wahariri. Mvua zilipokatika, korongo la shambani kwetu upande wa Galula liliacha jiwe zito lenye vitundu vitundu, ukubwa wa ngumi mbili. Nitajuaje kama ni mfupa wa dinosaria? Nilichimbue niwapelekee watu wa makumbusho?
*Mkulima, Songwe*

JIBU: Usilichimbue. Eneo lenu si la kubezwa: miamba myekundu ya mchanga ya Galula ni ya zama za Kretasia, zama za mwisho za dinosaria, na katika miamba hiyo ya bonde la Rukwa ndimo alimopatikana Rukwatitan, aliyetangazwa 2014, na Shingopana, aliyetangazwa 2017. Wote wawili walikuwa dinosaria wala majani wenye shingo ndefu.

Lakini vitundu peke yake si ushahidi. Mawe ya volkano ya Rungwe nayo yana vitundu, vilivyoachwa na mapovu ya gesi lava ilipokuwa inapoa, na mito huyasomba hadi mbali. Volkano hizo ni changa mno kuwa na dinosaria. Tazama pale lilipovunjika. Katika jiwe la volkano vitundu ni vya mviringo, vikubwa kwa vidogo, na vinaonekana hadi juu kabisa. Mfupa una ganda gumu, laini kwa nje, na ndani vitundu vidogo vilivyosongamana kama sifongo. Ganda hilo huwa nene katikati ya mfupa mrefu, likapungua kadiri unavyokaribia kiungo. Uzito usikubabaishe: mfupa uliogeuka kisukuku umejaa madini, kwa hiyo unalingana na jiwe lolote.

Ukiona dalili za mfupa, weka rula au kalamu kando yake, piga picha moja ya karibu na nyingine ya mbali inayoonyesha ukuta wa korongo. Andika vipimo vya GPS vya simu, na utazame kama umeshikamana na mwamba au umelala tu kwenye mchanga. Kisha ufunike kwa udongo mwepesi, utoe taarifa serikali ya kijiji ili ifike Idara ya Mambo ya Kale. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hairuhusu kuchimba bila leseni.

Kuna sababu nyingine ya kuuacha hapo. Umri wa mfupa hujulikana kwa tabaka ulimolala. Ukishatolewa bila kumbukumbu, hakuna maabara itakayourudishia tabaka lake. Pia visukuku huwa na nyufa tele. Ukivuta kwa jembe unabaki na vipande, na ukiosha, udongo uliokuwa ukivishikilia unaondoka. Wataalamu huchimba mtaro kuuzunguka, wakaufunika kwa karatasi laini iliyoloweshwa, halafu vipande vya gunia vilivyochovywa kwenye plasta, yaani unga wa jasi uliokorogwa kwa maji. Ikikauka ndipo huugeuza na kufunga upande wa chini. Wasipotanguliza karatasi, plasta hung'ang'ania mfupa.

SWALI: Pakasuchus wa Rukwa alikuwa dinosaria mdogo?
*Mwanafunzi wa kidato cha pili, Mbalizi*

JIBU: Hapana. Alikuwa jamaa wa mamba, kimo cha paka, aliyeishi miaka milioni 105 hivi iliyopita, na meno yake yalitofautiana kama ya mnyama anayenyonyesha. Dinosaria hutambulika kwenye nyonga: shimo linalopokea mfupa wa paja limetoboka hadi upande wa pili, na miguu inasimama wima chini ya mwili. Siku mkichinja kuku nyumbani, chemsha kiunzi, ng'oa paja, uchungulie nyonga. Utaliona tundu hilo, kwa sababu ndege ni uzao wa dinosaria. Watambaazi wa kale walioruka kwa mbawa za ngozi, na wale walioogelea baharini kwa miguu iliyogeuka makasia, hawamo katika ukoo huo.

SWALI: Nataka kuwapeleka wanafunzi Isimila waone mabaki ya dinosaria. Tujiandaeje?
*Mwalimu, Iringa*

JIBU: Mwalimu, wapeleke, ila kwa ajili ya zana za mawe za binadamu wa kale. Dinosaria hawapo. Kabla ya safari, nyoosha uwanjani kamba ya mita 25.2, kila mita ikiwa miaka milioni 10. Ncha moja ni leo, nyingine ni mwanzo wa zama za Triasi, walimotokea dinosaria. Funga kitambaa karibu na mita 24 kwa Nyasasaurus wa bonde la Ruhuhu, huenda ndiye dinosaria wa kale kuliko wote au ndugu yake wa karibu; mita 15 kwa dinosaria wa Tendaguru, Lindi; mita 10 kwa Rukwatitan; mita 6.6 dinosaria walipotoweka. Isimila, yenye umri unaokadiriwa kuwa miaka 260,000, itaangukia sentimita 2.6 kutoka ncha ya leo. Tumia katani; nailoni huvutika na vipimo vikahama.

SWALI: Kimondo cha Mbozi ndicho kilichowaua dinosaria?
*Msomaji, Vwawa*

JIBU: Sicho. Cha Mbozi ni pande la chuma lenye urefu wa mita 3 hivi. Kilichoanguka Mexico miaka milioni 66 iliyopita kilikadiriwa kuwa na upana wa kilomita 10, kikachimba shimo la kilomita 180 hivi.