Wasomaji Wanauliza: Madaraja Yenye Paa na Makumbusho ya Madison County, Iowa

Habari za kazi, ndugu wahariri. Tunaishi Des Moines, tuna watoto watatu na Jumamosi moja tu ya nafasi. Je, siku moja inatosha kuona madaraja yenye paa na makumbusho ya Winterset, makao makuu ya Madison County?
*Mama wa watatu*

Inatosha, mama, ila daraja moja mliache. Zamani madaraja yalikuwa 19, leo yamebaki sita, nayo yametawanyika mashambani. Wageni wengi huzunguka madaraja yote kwanza, wakiingia Winterset wanakuta makumbusho yanafungwa. Daraja halina mlango wa kufungwa. Makumbusho yana saa zake.

Shikeni barabara kuu ya I-35 kwenda kusini, mtokee St. Charles. Hapo lipo daraja la Imes, la mwaka 1870. Kisha nendeni Holliwell, refu kuliko yote, futi 122, ambalo bado limesimama palepale lilipojengwa mwaka 1880. Hakikisheni mmefika Winterset kabla ya saa tano asubuhi. Mji wote umezunguka mahakama ya mawe ya chokaa, kwa hiyo egesheni gari mara moja mtembee kwa miguu: kuna makumbusho ya mwigizaji filamu John Wayne, yaliyofunguliwa 2015, pamoja na nyumba ndogo ya vyumba vinne alikozaliwa tarehe 26 Mei 1907, na pia makumbusho ya mashuka ya viraka.

Mchana pelekeni watoto bustani ya mji. Daraja la Cutler-Donahoe lilihamishiwa humo mwaka 1970, watakimbia ndani yake bila hofu ya magari. Jioni malizieni na Cedar na Hogback, upande wa kaskazini. Roseman liko peke yake kusini-magharibi. Hilo ndilo la kuacha.

Epukeni wikiendi ya pili ya Oktoba kama hampendi msongamano, maana ndiyo ya tamasha la madaraja. Wakati wa baridi pigeni simu kwanza, kwani makumbusho madogo mengi hufungwa au hupunguza saa.

Kwa nini daraja liezekwe kama nyumba? Ni kwa ajili ya theluji?
*Msomaji, Nairobi*

Hapana. Sababu ilikuwa fedha. Mbao nene za sakafu zilikuwa ghali kuzibadilisha kuliko mbao za kuta na paa, hivyo wakuu wa kaunti wakaagiza zifunikwe. Mbao ikilowa, ikakauka, ikalowa tena, huanza kuoza kwenye maungio, maji yanapotuama. Paa huzuia hilo.

Ukiwa ndani, tazama ukutani kwa karibu. Utaona mbao za mshazari, hizi zikilalia kushoto, zile kulia, zimepishana kama wavu wa mvuvi. Wavu huo ndio unaobeba uzito. Mbao nyekundu za nje ni koti tu. Kwa hiyo anayechonga jina lake kwenye zile za mshazari anajeruhi mfupa wa daraja, na inauma kuona jinsi majina yalivyojaa. Moto ndio adui mkubwa zaidi: Cedar lilichomwa makusudi mwaka 2002, likajengwa upya, likachomwa tena 2017. Lililopo sasa lilifunguliwa 2019. Sigara ibaki garini, imezimwa.

Ramani ya simu ilinipeleka kwenye njia ya udongo, gari likanasa. Nilikosea wapi?
*Dereva, Cedar Rapids*

Huenda ulipita kibao kilichoandikwa "Level B". Iowa huweka kibao hicho kwenye barabara isiyohudumiwa kikamilifu: unaingia kwa hiari yako. Nyingi ni udongo mtupu, na simu huzichagua kwa kuwa ni fupi. Mvua ikinyesha, geuza palepale kwenye kibao, usijaribu bahati.

Kwenye changarawe nenda maili 35 kwa saa au chini yake, funga breki mapema na polepole, na usikate usukani ghafla. Ukipanda kilima kaa kulia kabisa, kwa sababu anayekuja upande wa pili humwoni. Ukifuata gari lingine, subiri vumbi litulie.

Nimesikia George Washington Carver aliishi hapo. Kuna cha kuona?
*Ndugu kutoka Bukavu, sasa Iowa City*

Kipo, ndugu, ingawa ni kidogo: bustani ndogo yenye jina lake, karibu na uwanja wa mahakama. Carver, mwanasayansi Mweusi wa kilimo aliyezaliwa utumwani Missouri, alifika Winterset mwishoni mwa miaka ya 1880, akapika hotelini na kufua nguo za watu. Mume na mke Wazungu aliofahamiana nao kanisani, akina Milholland, ndio waliomsihi arudi shule. Mwaka 1890 akaingia Simpson College mjini Indianola, mwaka uliofuata akahamia chuo cha kilimo cha Ames, akapata shahada 1894 na ya uzamili 1896, kabla ya kwenda kufundisha chuo cha Tuskegee, Alabama.

Usiende kwa ajili ya bustani peke yake, utamaliza kwa dakika kumi. Unganisha na Indianola siku hiyohiyo. Ni upande wa mashariki, chini ya saa moja kwa gari, na njiani unapita karibu na daraja la Imes.